Kilima cha Mbonigaba Kinacholia

Jumatatu, 7 Juni 1954

Nimepata kazi ya kubeba mizigo ya Bwana Mawe. Ni Mbelgiji anayezunguka Masisi akitafuta urani, madini ya bei kubwa. Jina lake la kweli ni refu, sisi tunamwita hivyo. Ana kisanduku kinachoitwa Geiger. Kikifika karibu na jiwe lenye urani, kinapiga tik-tik-tik. Analala nacho. Mtu mwenye mambo safi halali na kisanduku.

Mimi si mjinga. Nimesoma kwa Mapadri. Nina saa ya mkono kutoka Goma, mishale yake inang'aa gizani, na kijijini kwetu Bihambwe hakuna mwingine mwenye saa kama hiyo. Lakini Bwana ameniweka nyuma kabisa na sufuria zake. Hema amempa abebe Nestor, mwindaji wa Ntoto, mtu wa kuchekacheka tu. Kwa nini mimi nyuma? Kuna jambo hawataki nilisikie.

Jumanne, 8 Juni

Nimelisikia! Tulifika kwenye kilima cha jirani yangu Mbonigaba. Mawe matupu, hata viazi vinakataa. Bwana akaingia kichakani kwa haja zake, akanipa kisanduku nimshikie. Nikakikumbatia kifuani. Kikaanza kulia kama mahindi kwenye kikaango. Aliporudi akakichukua, akasogea nacho kidogo, kikatulia.

Nikamuuliza kwa heshima kama hapa hakuna kitu. Akasema hakuna, kilima hiki ni bure. Alinitazama machoni kabisa. Wanaonidanganya wote hunitazama machoni.

Basi urani iko pale pale niliposimama, na Bwana anaificha. Nimepaweka alama ya tawi.

Jumatano, 9 Juni

Sikukurupuka. Uchunguzi kwanza. Jana jioni Bwana alitueleza kwamba kisanduku chake kina bomba la gesi ndani, lakini Ulaya wamekwisha kuvumbua kingine kikali zaidi. Hicho hakina gesi. Kina fuwele, kipande cheupe cha namna ya chumvi, na kila mionzi ikikigusa kinatoa mwanga. Anasubiri chake kwa meli.

Chumvi! Na mimi nisubiri meli ya nini? Nimechukua chumvi ya mke wangu Dancille, nikaimwaga kwenye sahani, nikaenda kilimani mchana huu. Nikajifunika blanketi hadi kichwani ili kuwe giza. Mwanzoni sikuona kitu. Nikasogeza mkono wa kushoto niisawazishe, na chumvi ikapata ukijani mdogo, upande ule ule wa mkono wangu. Huo ndio ushahidi!

Kisha mbuzi akaingiza kichwa chini ya blanketi, akalamba ushahidi wote. Alikuwa mbuzi wa Mbonigaba. Mbuzi wote hawa wa Bihambwe, na wa kwake ndiye aliyetumwa.

Alhamisi, 10 Juni

Nimeenda kwa Mbonigaba. Nikamwambia nataka kubadilishana naye: yeye anipe kilima, mimi nimpe shamba langu la Muheto. Ni shamba la marehemu baba, udongo mweusi, maharage yamekomaa. Ndilo tunalokula, mimi, Dancille na watoto. Nilipolitaja moyo uliniuma kidogo.

Mbonigaba aliniuliza kama nina homa. Halafu akakubali. Upesi mno! Kumbe anajua kitu, anajifanya kukubali huku akingoja nisite ili apate sababu ya kunikatalia. Nikamwongezea jembe jipya asije akageuka. Tukaita majirani, tukanywa pombe ya ndizi kutoka mtungi mmoja mbele yao. Kwetu neno likishanywewa hivyo, mmoja peke yake hawezi kulivunja. Nimemshika.

Dancille sijamwambia. Wanawake husema visimani.

Ijumaa, 11 Juni

Dancille amejua, tena si kisimani. Alikuwa ametoka Muheto na kikapu kitupu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Papa Evode," akasema, akiniita kwa jina la mtoto wetu, "nimekuta Mukasine, muke ya Mbonigaba, mu shamba yetu. Iko anachuma maharagi. Anasema njo weye ulibapatia. Ni kweli ao anaota?"

Nikamwambia avumilie, tutakuwa matajiri. Akauliza utajiri huo unapikwa kwa muda gani. Kisha akauliza chumvi iko wapi. Nikatoka nje.

Jumamosi, 12 Juni

Siku ya ushindi. Nilimburuta Bwana hadi kwenye tawi langu. Akaweka kisanduku chini. Kimya. Nikamwambia anipe mimi. Nikakikumbatia, kikalia vilevile.

Bwana akacheka hadi akakaa juu ya jiwe. Akanishika mkono wa kushoto, akasogeza kisanduku kwenye saa yangu: tik-tik-tik. Akanivua saa, akaiweka mbali, kisanduku kikatulia mikononi mwangu. Akasema mishale imepakwa rangi yenye radiumu, ndiyo inayong'aa, ndiyo inayolia.

Nestor, aliyetufuata, akafuta machozi ya kicheko. "Kaka Damien, mine ya urani iko ku mukono yako. Tuanze kuchimba wapi, ku kiwiko?"

Nimerudi nyumbani na aibu kubwa. Lakini nimefikiri njiani. Saa ndogo hivi kushinda mlima mzima? Na kwa nini Bwana alikuwa na maelezo tayari mdomoni?

Jumapili, 13 Juni

Baada ya Misa Mbonigaba alinifuata mlangoni mwa kanisa, Dancille akiwa kando yangu na watoto. Alikuwa amekuja na jembe langu.

"Kaka," akasema, "Nestor alinielezea. Batoto bako batakula nini? Rudisha kilima yangu, miye nirudishe shamba. Tutakunywa tena mbele ya batu, iishe."

Dancille alifumba macho, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Mimi nilimtazama Mbonigaba. Mtu amepata udongo mweusi na maharage, kisha anarudisha bila kudai chochote ili apewe mawe! Nestor amemweleza nini hasa? Nikamwambia hapana. Kilima ni changu, pombe ilinywewa. Nikamwongezea na migomba ya nyuma ya nyumba, asirudi tena na wema wake.

Mchana Dancille amefunga nguo za watoto, wameondoka. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimekula kiazi kilichopoa, peke yangu, na nimehuzunika kweli. Anasema anakwenda kwa kaka yake Muheto, na kwamba watoto watapata chakula kwa Mukasine.

Kwa Mukasine! Yaani hata mke wangu wamekwisha kumweleza siri ya urani, yuko upande wao.