Jinsi Wahitimu Wangu Walivyovuka Mekong

Natangaza, kwa heshima na taadhima, kwamba Programu ya Kujenga Umahiri wa Watumishi katika Usimamizi wa Pamoja wa Bonde la Mto imefanikiwa kwa asilimia mia moja na nne. Zile nne za ziada ni watumishi waliojiandikisha mara mbili. Mimi, Khamphui Sisavat, mkurugenzi wa mafunzo na babu wa wajukuu tisa wanaojua kuzidisha hadi kumi na sita mara kumi na sita, ndiye niliyeibuni programu hii. Naeleza yaliyotokea ili yasielezwe na watu wengine.

Mto Mekong una kingo mbili. Sisi Walao, watu wa Laos, tunakaa huku, Wathai wanakaa kule, na maji hupita katikati bila kuripoti ofisi yoyote. Kwa sababu hiyo watumishi thelathini na mmoja walifundishwa kwa wiki kumi na mbili namna ya kushirikiana na Wathai. Hakuna Mthai aliyealikwa, kwani kuwaalika kulipangwa katika awamu ya pili. Kwa ajili ya mazoezi, waliokaa upande wa madirishani walihesabiwa kuwa Wathai.

Somo kuu lilikuwa tahadhari ya mafuriko. Mpima maji akiona mto unapanda, hujaza fomu nakala nne. Fomu huenda wilayani, mkoani, mji mkuu Vientiane, ubalozini, Bangkok, kisha hushuka upande wa pili hadi kwa mpima maji mwenzake wa ng'ambo. Safari hiyo huchukua siku tisa. Zamani ilichukua kumi na moja. Nilizipunguza mimi, nikatunukiwa ngao.

Katika mtihani niliuliza: "Mto unapanda. Taja hatua ya kwanza." Jibu sahihi ni kufungua jalada. Wote walilijua, isipokuwa Sengmany, mama aliyesoma nguzo ya kina cha maji hapa kwetu kwa miaka kumi na tisa. Yeye aliandika: "Kumpigia Wandi."

Nilimwita ofisini.

"Wandi ni nani?"

"Mpima maji wa Kithai, Babu. Yuko kilomita ishirini kule juu. Maji yakipanda kwake ananiambia, nami nawaambia watu wa bustani za ukingoni wavune mboga kabla hazijazama."

"Mlifahamianaje?"

"Alikosea namba. Alikuwa anamtafuta fundi cherehani."

"Na mmeshirikiana kwa muda gani?"

"Mwaka wa kumi na saba huu. Ila uso wake sijawahi kuuona."

"Kwa kibali cha nani?"

Alifikiri kwa dhati. "Cha mume wangu, nadhani. Yeye ndiye anayenunua vocha."

Nilimpa sifuri. Kwa mujibu wa kanuni niliyoitunga mwenyewe, aliyeshindwa mtihani huachishwa kazi. Alinisihi nimwache kwenye nguzo yake, akasema hajui kazi nyingine na kwamba watu wa bustani hawana mwingine wa kuwaonya. Nilimjibu kwamba watu wa bustani wataonywa kwa utaratibu, ndani ya siku tisa. Barua yake niliiandika kwa mkono wangu, mwandiko mzuri, ianze kutumika sherehe ya mahafali itakapomalizika, nikaiweka mfukoni hadi siku hiyo.

Mahafali niliyaandaa kwenye kisiwa cha mchanga kinachojitokeza katikati ya mto wakati wa kiangazi. Niliona panafaa kimaana. Naibu Waziri alitoka Vientiane akaketi mkekani mbele kabisa, nami nyuma yake, na wahitimu kwa kufuata vyeo. Mwombaji akaanza dua. Uzi mweupe ulitoka kwenye mnara wa maua na majani ya mgomba, ukapita mkononi mwa kila mtu. Kwa imani yetu kila mtu ana roho thelathini na mbili; za kila aliyeketi zikaitwa moja moja zirudi mwilini. Kwa watumishi wa serikali shughuli hii huchukua muda, kwa kuwa roho nyingi ziko safarini kikazi. Uzi hauachiwi kabla ya dua kwisha, wala mdogo hasimami kabla ya mkubwa wake.

Sengmany, aliyekuwa amekuja kukabidhi daftari la nguzo, aliongea kwenye simu kisha akachuchumaa kando yangu.

"Babu, Wandi anasema huko juu wamefungulia bwawa. Kwake maji yamepanda mita moja na nusu tangu alfajiri. Tuondoke."

"Anasema kama nani?"

"Kama Wandi."

"Lete kwa maandishi."

"Babu, tazama mkeka wako."

Sikutazama. Mkurugenzi hatazami mkeka. Naibu Waziri ndiye aliyegeuka, taratibu, bila kuachia uzi.

"Mkurugenzi, nimeketi kwenye maji."

"Mheshimiwa, taarifa ya maji bado haijatufikia."

"Sasa haya ni nini?"

"Ni maji yasiyo rasmi, Mheshimiwa."

Alilipokea jibu hilo hadi maji yalipofika kiunoni, ndipo akasimama. Nasi tukasimama, kwa vyeo.

Kumbe Sengmany alikuwa ameshapiga simu tena, na mashua tatu za wavuvi zilikuwa zinakuja. Zilikuwa za mashemeji wa Wandi. Mkondo wa upande wetu ulishakuwa mkali, hivyo zikatupeleka upande wa pili. Serikali nzima, ikiwa imeshika uzi mmoja, ikashuka Uthai bila pasi ya kusafiria hata moja.

Ukingoni alisimama mama mmoja mfupi, mnene, karibu na pikipiki iliyojaa matope.

"Wewe ndiye Wandi?" Sengmany akamuuliza. "Kwenye simu una sauti ya mtu mrefu."

"Na wewe kwenye simu una sauti ya mtu mkavu, shoga. Njoo hapa."

Wakakumbatiana. Ofisa wa uhamiaji wa huko aliwangoja wamalize, kisha akatugeukia sisi.

"Kuna mtu yeyote upande huu anayewafahamu?"

Nikawatazama wahitimu wangu thelathini wa ushirikiano. Nao wakanitazama.

"Basi awadhamini mtumishi mwenzenu anayefahamika huku," ofisa akasema. "Lakini awe kazini."

"Alikuwepo," Sengmany akasema kwa upole, "mpaka sherehe ilipoisha."

Niliitoa ile barua mfukoni, ikiwa imeloa, nikaiandika upya upande wake wa nyuma nikiwa nimeegemea tangi la pikipiki. Nilimrudisha kazini bila nakala, bila kamati, bila jalada. Ilichukua nusu dakika, na katika utumishi wangu wa miaka thelathini na minane sijatenda jambo kwa kasi hiyo.

Akaanza kutudhamini kwa kufuata vyeo. Fomu ilikuwa na sehemu ya uhusiano. Kwa Naibu Waziri aliandika "mgeni". Alipofika kwangu alisita, akamnong'oneza Wandi jambo, wakacheka kidogo kwa adabu, kisha akaandika na kunigeuzia nisaini.

Palikuwa pameandikwa "mwanafunzi wangu, mwaka wa kwanza".

Nilikagua tahajia. Haikuwa na kosa. Nikasaini.