Kigurudumu cha Shemeji

Jumapili, 2 Machi

Shemeji amekuja na gari jipya. Si jipya hasa, lina miaka thelathini kama langu. Ni pacha wa langu: bodi ile ile, injini ile ile, hata buluu ni ile ile. Sijui kwa nini mtu akishaoa dada yangu lazima anunue na gari langu.

Tofauti ni moja. Pembeni ya hendibreki yake kuna kigurudumu kidogo cha kuzungusha kwa kidole, ukubwa wa kifungo cha koti. Ukikisukuma mbele, tairi za mbele na za nyuma zinafungwa kuwa kitu kimoja na gari linapanda popote. Ukikirudisha, nguvu nyingi zinakwenda nyuma na gari linakata kona kwa madaha. Kazi yote hiyo inafanyika ndani ya giaboksi, kwenye difu ya katikati, yale meno yanayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma. Langu halina. Langu linagawa nguvu nusu kwa nusu, mvua inyeshe au jua liwake, na halimuulizi dereva maoni yake.

Baba alikitazama kile kigurudumu. Akakigusa. Akasema watu wamefika mbali.

Roho iliniuma. Naandika wazi kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: naona wivu.

Halafu Baba akatoa habari yake. Siku ya Kilima, ile ya chama cha magari ya zamani kushindana kupanda, ni tarehe 16. Atapanda kama msomaji wa njia, akae kando ya dereva na karatasi zake, amwambie kona ipi inakuja. Daktari wa macho amemwambia baada ya hapo basi. Kwa hiyo ni mara ya mwisho. Hakusema atakaa kwenye gari la nani.

Gari langu lilikuwa lake. Kombe alilopata nalo liko juu ya friji hadi leo, limejaa vibanio vya nguo. Mimi ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kigurudumu.

Basi nami nitatia kigurudumu. Kwani kufunga giaboksi kuna ugumu gani? Ni bolti tu.

Jumatatu, 3 Machi

Baada ya kazi nilipitia uwanja wa magari mabovu. Bahati! Kuna giaboksi yenye difu ya katikati ya kurekebishwa, imetoka kwenye gari kama langu lililogongwa ubavuni. Kigurudumu kipo. Kisanduku cha nyaya zake kipo. Nimebadilishana na mwenye uwanja: baiskeli yangu na redio ya sebuleni.

Akanishauri nichukue na difu ya nyuma ya gari hilo hilo, kwa sababu hizo mbili zimezoeana. Nikamwambia ya nyuma ninayo. Hawa watu ukishika kimoja wanataka kukubebesha uwanja mzima.

Mke wangu aliuliza redio iko wapi. Nikasema kwa fundi. Kwa namna fulani ni kweli.

Jumatano, 5 Machi

Kwa Fundi Taratibu. Anaitwa hivyo kwa sababu ananawa mikono kabla ya kazi, si baada yake tu, na spana zake amezipanga ukutani kwa ukubwa. Aliizunguka giaboksi mara tatu, akaipigapiga kama anayechagua tikiti maji. Akauliza ninaitakia nini, gari langu mbona zuri lilivyo. Nikamjibu kwamba zuri halitoshi.

Kisha akatoa mhadhara. Giaboksi hii inataka hesabu ya nne na nusu. Yaani propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu nyuma, izunguke mara nne na nusu ndipo tairi zitimize mzunguko mmoja. Difu ya nyuma nayo lazima iwe na hesabu hiyo hiyo. Zikitofautiana, tairi za mbele zitataka mwendo wake na za nyuma mwendo wake, na ugomvi wote utaishia kwenye difu ya katikati.

Akaandika kwa chaki ukutani: 4½. Akanituma nyumbani nikapandishe nyuma ya gari kwa jeki, nitie alama, nizungushe, nihesabu. Nimekuwa mwanafunzi wa darasa la pili.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji! Amekuja jioni na difu ya nyuma begani. Begani, kama mto wa kulalia. Mwenye uwanja ndiye aliyemwambia habari zangu, mdomo ule hauna kifuniko. Akasema, "Shemeji, huyu ndiye mwenzake. Bila huyu utajitesa bure." Akaiweka chini taratibu, akafuta mikono, akakataa hata kunywa maji.

Nimekaa nikafikiri na nimemtambua. Nikiifunga, siku ya Kilima gari langu likipanda vizuri ataegemea boneti na kumwambia Baba kwamba ni yeye aliyenipa difu. Baba atampiga begani. Mimi nitakuwa nimepanda kilima kwa hisani ya shemeji.

Nilimshukuru kwa meno yote. Difu nimeiweka kwenye geti, linalopenda kujifunga lenyewe upepo ukivuma. Sasa halijifungi. Mke wangu aliuliza ni nini. Nikasema ni uzito wa geti. Akasema ni mara ya kwanza kuona uzito wa geti wenye meno ndani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimehesabu. Alama ya chaki kwenye tairi, alama kwenye propela, mimi chali chini ya gari, mke wangu juu akitangaza tairi zinapofika.

Mara ya kwanza: nne.

Nikafuta alama, nikachora nyembamba zaidi. Nne. Mke wangu akasema nne. Nikamwambia anatangaza mapema. Mara ya tatu nilizungusha polepole sana na kwa moyo mzuri, nikapata nne na kidogo. Hicho kidogo kikikaziwa kinakaribia nusu.

Mke wangu aliuliza kwa nini nisifunge ile ya getini. Nikamwambia mambo ya magari yana undani wake.

Jumanne, 11 Machi

Giaboksi imeingia! Fundi aliniuliza nilipata ngapi. Nilisema nne na nusu kabla hajamaliza kuuliza. Akaenda kunawa mikono, na mikono ilikuwa safi.

Kigurudumu kimekaa pembeni ya hendibreki yangu, cheusi, kinang'aa. Nimekizungusha gari likiwa limezimwa, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka fundi akaniomba niache.

Giaboksi ya zamani ililala chini juu ya gunia. Fundi aliuliza aiweke wapi. Nikasema popote nisipoiona. Shemeji alikuwa amepita kunisalimia, kama kawaida yake ya kutokea panapofanyika jambo. Akauliza kama anaweza kuichukua. Nikasema chukua.

Nimefika nyumbani ndipo nikapiga hesabu. Yeye sasa ana giaboksi mbili. Mimi nina moja.

Alhamisi, 13 Machi

Jaribio barabarani. Safi kabisa. Gari linakwenda, linasimama, linakata kona. Kuna harufu kidogo ya kitu kuungua, lakini ni oili mpya, bado haijazoea.

Tuliporudi gereji fundi aliingia chini ya gari, akagusa giaboksi, akauondoa mkono haraka. Akasema gari lirudi kwenye jeki, tuhesabu tena, yeye mwenyewe ahesabu. Nikasema baada ya Jumapili. Akanisihi basi nisikisukume kigurudumu mbele kwenye ardhi ngumu. Kikiachwa hivyo hivyo kilivyo, gari litanivumilia.

Dada amepiga simu. Akasema Baba ameshaamua atakaa gari la nani, tena tangu siku ile ile ya kwanza. Nikamkatiza. Nikamwambia asinitajie, najua ni la mumewe, sina haja ya kuambiwa. Akasema mimi ni mtu wa ajabu tangu utotoni. Acha tu. Jumapili Baba atakiona kigurudumu changu na atabadili mawazo.

Jumapili, 16 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kitandani na viatu.

Asubuhi ilianza vizuri mno. Magari kumi na mawili chini ya kilima, la Shemeji na langu ubavu kwa ubavu. Baba alishuka kwenye gari la Dada, amevaa lile koti lake la zamani lenye viraka viwili, karatasi mkononi. Nilikuwa nimefungua mlango ili kigurudumu kionekane vizuri kutoka nje. Hakukitazama hata. Alikuja moja kwa moja, akaingia kwenye gari langu, akafunga mkanda, akaniambia twende.

Kigurudumu kilifanya kazi kabla hakijaguswa! Nilimtazama Shemeji. Alikuwa anacheka na kupunga mkono. Mnafiki mkubwa.

Tukaondoka. Baba anasoma: kulia ndefu, kushoto fupi, mawe. Sauti yake imekuwa ya kijana. Nami nikawa najiambia sasa aone. Kona ya pili ni mwamba mtupu, mkavu, mgumu kama sakafu. Nikakumbuka maneno ya fundi. Nikakumbuka pia kwamba Shemeji yuko nyuma yangu na anaona kila kitu.

Nikakisukuma kigurudumu mbele.

Gari lilianza kurukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Tairi za nyuma zinataka kuwahi, za mbele zinakataa. Harufu. Halafu mlio mmoja chini ya miguu yetu, kama sufuria iliyoangushwa na vijiko ndani yake. Injini inaunguruma, gari limesimama.

Baba akakunja karatasi zake. Akaniuliza ni gia ya ngapi. Nikasema zote.

Shemeji alisimamisha gari lake, akaacha zamu yake ipite. Nyuma ya gari lake kuna chuma cha kuvutia magari, chekundu, kimefungwa kwa bolti nne, hakina hata mkwaruzo. Akakitia kamba. Akamwambia Baba apande kwake, bado kuna nafasi ya kurudia, msimamizi wa kilima amekubali. Baba akakataa. Akasema amekaa.

Kwa hiyo tulivutwa hadi nyumbani, Shemeji mbele, mimi na Baba nyuma ya kamba, kilomita kumi na tisa. Baba alisema njiani kwamba alitaka aisikie ile giaboksi yake mara moja tu tena, inavyolia kwenye gia ya tatu ikipanda. Hakuna gari jingine linalolia hivyo. Ndiyo maana alimwambia Dada tangu mwanzo kwamba atakaa kwangu. Akaniuliza iko wapi. Nikasema nimeigawa. Baba alitazama nje mpaka tulipofika kwenye lami.

Kisha akaniambia kwamba hata hivyo amefurahi kukaa nami. Alisema hivyo, naandika kama alivyosema.

Getini Shemeji alishuka kufungua. Geti lilikuwa wazi, limezuiwa na difu yake. Aliitazama. Baba naye aliinama mbele, akaitazama kupitia kioo. Shemeji akaiinua, akaisogeza kando ya ukuta, akainyoosha kamba, akarudi kwenye usukani, tukaingia.

Mimi nikiihamisha ile difu napumzika mara mbili. Yeye aliinua mara moja tu, kwa mkono mmoja na nusu. Nimeona aibu, sitakataa. Lakini mtu anakula nini hadi awe na mgongo kama ule?

Jumatano, 19 Machi

Shemeji ameleta giaboksi ya zamani. Kumbe hakuichukua kwa tamaa, aliichukua ili isipotee. Ameiosha. Ameipaka rangi ya fedha. Baba alikuja naye, akakaa kwenye kigoda uani akiipangusa kwa kitambaa sehemu ambazo tayari zilikuwa safi. Wamepanga na Fundi Taratibu kuifunga Jumamosi. Msimamizi wa kilima amesema Baba akitaka anaweza kupanda siku ya kawaida, bila mashindano, mimi na yeye tu. Daktari hatajua. Gia ya tatu atasikia.

Mke wangu alisema huu ni ungwana wa hali ya juu na akaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia mengi. Nimejifunza kwamba kigurudumu si kitu. Nimekaa uani jioni yote nikitafakari, nimekubali, sioni wivu tena wa kigurudumu cha mtu yeyote.

Jambo moja dogo tu. Baba wakati anaondoka aliinama nyuma ya gari la Shemeji, akakigusa kile chuma chekundu cha kuvutia. Akasema kimetengenezwa na mtu anayejua kazi.

Kesho baada ya kazi nitapitia uwanja wa magari mabovu. Mwenye uwanja ninampa saa ya ukutani. Shemeji amejitolea kuja kunionyesha mahali pa kutoboa, ili nisitoboe tangi la mafuta. Nimekataa. Kwani kufunga chuma cha kuvutia kuna ugumu gani? Ni bolti nne tu.