Zamu ya Kwanza ya Tingatinga

Mambo ya Muthoka yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba 2025, saa mbili na nusu asubuhi. Mpaka saa mbili na robo alikuwa mtu mwenye akili kuliko wote Kalama.

Akili yenyewe ilikuwa hivi. Mvua ilikuwa karibu, kila shamba lilitaka bwawa, na tingatinga lilikuwa moja. Muthoka alilikodi Athi River kwa siku tatu: mabwawa matatu, basi. Mwingine angeuza mabwawa. Yeye aliuza zamu. Wa kwanza analipa elfu themanini kabla ya kazi, wa mwisho thelathini, kwa sababu, alieleza kwa sauti ya mchungaji, pesa inayokuja mapema inalipa mafuta ya kuchimbia wengine. Hiyo zamu ya kwanza akawauzia watu wawili: Muema muuza simiti, na Wathome, mwenyekiti wa kamati ya maji, ambaye alilipa taslimu bila kuuliza kitu. Wenyeviti hawaulizi. Wanaulizwa, na hawajibu.

Mmoja wao angesukumiwa siku ya pili kwa kisingizio; siku ya tatu ilikuwa bado haina mnunuzi. Akaenda kwa akina mama wa mwethya, wale arobaini wanaolimiana mashamba kwa zamu. Katibu wao, Nzembi, akamwambia kwa upole kwamba hawafanyi kazi na mtu wa nje, lakini akijiandikisha ni mwenzao. Muthoka akatia sahihi. Mahali pa kifaa, ambapo wengine waliandika jembe au karai, akajaza kwa mbwembwe: tingatinga.

Jumanne hiyo mashine ikielekea kwa Wathome, akina mama walikuwa wameketi barabarani na daftari.

"Mwenzetu, leo ni zamu ya shamba la Mutanu," Nzembi akasema. "Kila mtu anakuja na kifaa alichoandika."

"Mama, hii ni ya kukodi."

"Hata karai ya Ndanu ni ya kuomba."

Muthoka akamwamuru dereva, Mutunga, apite. Mutunga akazima injini.

"Mdosi, mamangu ni namba kumi na saba kwa hilo daftari. Pita wewe."

Kufikia Alhamisi mabwawa matatu yalikuwa tayari, yote kwa wajane wa mwethya ambao hakuna mkubwa aliyewahi kuwakumbuka. Muema alikuja na rungu. Muthoka akauza pikipiki yake kumrudishia pesa. Wathome hakudai hata shilingi. Hakwenda polisi, hakwenda kwa chifu.

Ndipo kwenye mkutano wa maji Nzembi akasimama, akauliza swali ambalo mpaka leo liko pale pale:

"Mwenyekiti, zile elfu themanini ulitoa kwa mfuko gani?"