Maji Moto ya Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Julai 1996

Baridi ya Julai imeingia hapa mtaani kwetu, mtaa wa Tena, bila kubisha hodi. Mama mkwe amewasili kutoka Kimilili. Goti la kulia limevimba. Daktari wa mifupa amesema likandwe kwa maji moto asubuhi na jioni, na mama asipigwe na baridi hata kidogo. Mke wangu Nafula amenena waziwazi: mama asipopata nafuu wiki hii, atamrudisha nyumbani, na atakaa naye huko mpaka atembee. Yaani mimi nibaki peke yangu. Nimeshindwa kumaliza ugali.

Mama analala kwa jirani. Desturi yetu Wabukusu hairuhusu mama mkwe kulala wala kuoga nyumbani kwa mkwewe. Hilo nalikubali. Lakini kwa nini jirani awe Ngigi? Ngigi ana shawa ya stima. Aliifunga wakati wa Pasaka, na tangu hapo kila Jumapili hutoka nje na taulo shingoni, mvuke ukimtoka kichwani, akituuliza kama na sisi tumeshaoga.

Mukami, mkewe Ngigi, amempokea mama kama mamake mzazi. Nafula anasema tushukuru. Nimeshukuru, kwa mdomo.

Jumanne, 9 Julai

Nimechunguza njia zote za kumpatia mama maji moto bila kumtegemea Ngigi. Jiko la makaa: moshi, masizi, aibu. Shawa ya stima: nitakuwa nimemwiga Ngigi. Mtambo wa jua juu ya paa: jua lenyewe limehama.

Halafu, njugu! Zilikuwa zimefungwa kwa ukurasa wa gazeti la ng'ambo. Mungu hamtupi mja wake. Ukurasa unaeleza mashine inayovuta joto lililo hewani na kulitia majini. Haichemshi, inahamisha tu. Stima kidogo, maji moto tele. Nikaketi kitako. Si ni friji tu hiyo, iliyopewa kazi nyingine? Mgongo wa friji huwa moto, kila mtu anajua. Miaka yote joto hilo linapotelea ukutani na hakuna anayelia!

Nafula ameuliza kwa nini nisichemshe sufuria moja nikampelekea mama. Nimemwambia sufuria haina maendeleo.

Jumatano, 10 Julai

Kariobangi. Fundi Obura amenipatia friji kuukuu isiyo na mlango. Mlango wa nini? Anavitoa vile vibomba vya moto vya mgongoni na kuvizamisha ndani ya pipa la maji. Nilimuuliza kama kweli itafanya kazi. Akasema, "Mzee, we tulia. Hii itakuivishia mpaka chai."

Tuliileta kwa mkokoteni, imefunikwa gunia. Ukurasa wa njugu unasisitiza mashine iwekwe nje ya nyumba. Haiwezekani. Nje yuko Ngigi. Akiiona leo, Jumapili atakuwa nayo, na atasema wazo lilikuwa lake. Imekaa sebuleni nyuma ya pazia, na pipa kando yake. Mpira wa maji umetoka pipani hadi bafuni.

Alhamisi, 11 Julai

Inanguruma. Maji yamekuwa vuguvugu. Ushindi!

Mchana mama mkwe huja kumtembelea Nafula. Hukaa kiti cha karibu na mlango, leso kichwani, uso ameugeuza kando kwa adabu, na huongea nami kupitia kwa Nafula. Leo alimwambia Nafula aniulize kama kuna dirisha lililovunjika. Hakuna. Nafula alikuwa na sweta mbili. Blue Band ilikuwa ngumu, haipakiki. Naweza kuapa niliiona pumzi yangu mwenyewe. Ikanijia kwamba kama maji yanapata joto, joto hilo huenda linatoka kwa... Wazo hilo sikulimaliza.

Jioni goti la mama lilikuwa limekaza, hawezi kulikunja. Mukami alikuja akamshika mkono, akampeleka jikoni kwake karibu na jiko la makaa. Niliwasikia wakicheka upande wa pili wa ukuta. Iliniuma.

Ijumaa, 12 Julai

Nafula hakupaza sauti. Alisema mama anazidi, na Jumapili wanaondoka. Namwogopa Nafula anapoongea polepole. Nilimwomba siku moja tu. Nilimwambia ukweli: kwamba nyumba hii bila yeye sitaiweza.

Akasema mama ameshaliwazia jambo hilo. Bafuni kwangu hataingia, ni mwiko. Lakini kesho saa kumi atakuja akande goti sebuleni, kwa beseni, kwa maji ya mashine yangu, ili mkwe wake asivunjike moyo. Machozi yalinilenga. Mama yule ana moyo wa dhahabu, nami nitamwonyesha maji.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika kwa aibu kubwa.

Mpishi haandai chakula asichokionja. Kwa hiyo kabla ya saa kumi niliingia bafuni kuyajaribu maji. Yalikuwa moto! Moto wa kweli! Nilijipaka sabuni utosini hadi kwenye vidole, nikaanza wimbo wa kanisa. Nikiwa ubeti wa pili, sebuleni kukasikika fiiii. Gesi ya friji! Nilitoka mbio kuiokoa mashine. Taulo ilibaki kwenye msumari.

Nililikumbatia pipa. Nilitafuta tundu kwa vidole. Nilipofaulu kufungua jicho moja, mama mkwe alikuwa pale kitini. Alikuwa amewahi. Beseni lilikuwa mbele yake, na goti ameshalifunua.

Hakupiga kelele. Alivuta leso akajifunika uso, akageukia ukuta, akatulia hivyo. Heri angepiga kelele. Nilimwambia, "Mama, ni gesi." Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumapili, 14 Julai

Wamekwenda. Ngigi ndiye aliyewabebea mizigo hadi kituoni, maana mimi sikuruhusiwa kusimama mbele ya mama. Nilichungulia pazia. Alikuwa anachechemea, akimwegemea Nafula.

Nafula aliniaga jikoni. Alisema jambo hili lina dawa na dawa yake ni ya zamani: nipeleke blanketi na jogoo, wazee waniombee radhi, yaishe, naye arudi. Blanketi liwe zito, la kumfunika mama goti. Zaidi ya hapo nisifanye lolote. Mashine nisiiguse. Nikaapa. Alinishika mkono kidogo, kisha akaenda.

Mashine imezimwa, sebule haina baridi tena, lakini mimi natetemeka. Mukami ameniletea githeri. Nimekula nimesimama. Nampenda mke wangu, na nitafanya alivyosema, neno kwa neno.

Jumatano, 17 Julai

Jogoo nimempata, mwekundu, ana heshima zake. Blanketi nimelipata pia, la bluu, zito hasa. Kesho nilikuwa nisafiri.

Ila nimetafakari. Blanketi huleta joto la usiku mmoja mmoja. Mashine italeta joto la kila siku! Radhi gani inashinda hiyo? Obura amekuja asubuhi, ameziba tundu, amerudisha gesi. Kasoro tumeigundua: pipa lilikuwa uchi, na joto lote likawa linatoroka. Nikatazama huku na huku. Kulikuwa na kitu kimoja tu kizito cha kutosha. Nimelizungushia mara mbili na kulifunga kwa kamba. Limekaa kama limeshonewa.

Safari itangoja maji yachemke. Nafula ataelewa. Pazia nimelivuta, kwa sababu Ngigi amepita dirishani akiulizia habari za mama. Sebule imeanza kuwa baridi tena. Jogoo amepanda juu ya pipa, amejikunyata ndani ya blanketi la mama mkwe, na hataki kushuka. Hatimaye amepatikana mmoja anayeielewa mashine.