Spika ya Kubebeka

Jumatatu, 4 Novemba

Siku ya ishirini na tisa nimo ndani. Zimebaki kumi na moja nitoke arobaini. Fauzia kanyonya mara sita tangu alfajiri, sasa kalala. Mdomo bado unanyonya peke yake.

Wifi yangu Mwanahija, dada wa mume wangu, kaleta salamu. Siku ya kumtoa mtoto atakuja na spika yake. Ina kimo cha mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili, na taa za rangi. Hapa Rutamba hakuna asiyeijua. Shida ni kwamba mwenye spika ndiye mwenye nyimbo. Kwenye jando la mtoto wa Salumu alipiga wimbo mmoja mara tisa, ule unaotaja jina lake. Mama wa mtoto hakupigiwa hata mmoja.

Harusi yangu haikuwa na muziki. Wiki ile alifariki baba mdogo. Tukafunga ndoa, tukala wali, watu wakatawanyika kwa adabu. Kwa hiyo shughuli yangu ni hii moja. Nimeamua kununua spika yangu mwenyewe. Pesa ipo, ya mikorosho mitatu niliyopewa na baba. Mume wangu Haruna sitamwambia. Akijua yeye, dada yake kajua.

Tatizo: mzazi hatoki nje. Spika ziko Lindi mjini. Mama kaweka kigoda mlangoni, kakikalia.

Jumanne, 5 Novemba

Nimepata njia. Nimempigia simu Shahid, kijana wa duka la vifaa vya umeme mjini. Nikamwomba awashe spika zote, moja moja, azisogeze karibu na simu, mimi nisikilize.

Akasema, dada, kwa simu zote zitakuwa sawa. Nikamwambia masikio ninayo.

Akapiga ya kwanza. Kama nyuki ndani ya chupa. Ya pili, kama nyuki wale wale. Akaniuliza ni ya chumbani au ya shughuli. Nikasema ya shughuli, isikike mpaka kisimani. Akauliza nguvu kiasi gani. Nikasema nyingi. Ya tatu ilipolia, Fauzia, aliyekuwa kifuani kwangu analia, akanyamaza, akafumbua jicho moja. Nikasema hiyo hiyo.

Ni nyekundu, inashika na simu kwa blututhi, ya kubebeka. Nimetuma pesa. Jirani yetu Joyce anakwenda mjini keshokutwa kuuza mihogo, ataipitia.

Baadaye Mama kambadilisha mtoto nguo. Anasema alinyamaza kwa sababu alikuwa amemaliza haja yake. Mama hajui mambo ya sauti.

Alhamisi, 7 Novemba

Joyce kaja. Nikamuuliza spika iko wapi, ameiacha stendi? Akatia mkono kapuni, chini ya kabichi, akaitoa.

Ni kubwa kama kopo la maziwa ya unga. La nusu kilo.

Nimempigia Shahid. Kasema si alinieleza ni ya kubebeka. Ni kweli alinieleza. Lakini hata kabati linabebeka, wakiwa watu wawili. Kasema kuibadilisha kunawezekana, nije nayo mwenyewe. Nikamwambia nimo ndani. Akaniuliza ndani kwa kosa gani.

Nikaiwasha. Mwanamke akasema neno la Kichina. Mama akaruka kwenye kigoda, akauliza nani kaingia bila hodi.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimegundua jambo. Nilikuwa naificha spika isionekane, nikaitumbukiza kwenye mtungi mkavu. Ikaanza kuimba humo ndani. Sauti imekuwa nene kama ya shehe! Haruna alirudi kutoka kibandani kwake, akauliza kama spika ya dada yake imeshaletwa.

Kwa hiyo mpango ni huu. Mtungi utakaa pembeni ya mlango, nitaufunga kanga mdomoni. Watu watasikia muziki mkubwa, hawataona kopo. Mama anasema mtungi ni wa maji. Nikamwambia siku moja tu.

Jumapili, 10 Novemba

Mwanahija kaja kupima pa kuiweka spika yake. Kambeba Fauzia, kambusu mguu, kasema pua ni ya kwao. Kisha akaanza kutafuta soketi.

Nikamwambia, wifi, usijisumbue, yangu nimeshaagiza. Akauliza kubwa kiasi gani. Sijui mdomo ulitoka wapi. Nikasema mlango huu haipiti.

Akautazama mlango. Akasema, "Kumbe wifi una makuu, na ulivyo mpole hivyo." Akasema basi yake ataipeleka kwenye harusi ng'ambo ya ziwa, wamembembeleza sana. Akaaga.

Sasa hakuna spika nyingine. Ni mtungi au kimya kama cha harusi yangu.

Jumatatu, 11 Novemba

Haruna ni fundi seremala. Dada yake kamweleza yote. Jioni karudi na futi, akapima mlango, akauliza spika yangu ina upana gani. Nikasema sijui sawasawa. Akasema basi ataongeza shibiri mbili, awe na uhakika. Hakunigombeza kwa kumficha. Kasema mke wake hajawahi kutaka kitu kikubwa, hiki kimoja asikose njia ya kukiingiza.

Nilitaka kumwambia. Alishatoa fremu.

Jumatano, 13 Novemba

Ukuta umekatwa. Mlango mpya anamalizia kesho, usiku huu tumeziba kwa mkeka. Mama kahamisha kigoda katikati, maana mlango sasa ni mpana kuliko yeye.

Nimemtuma Joyce kisimani na simu, nijaribu mtungi. Nikafungulia hadi mwisho. Nikamuuliza anasikia nini. Akasema ananisikia mimi kwenye simu, na mbuzi. Nikamwambia asogee. Akasogea mpaka kwenye mpapai wetu. Hapo akasikia. Masikio ya Joyce nayo yana shida.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimetoka. Saa nne asubuhi, kanga mpya, Fauzia kifuani. Jua lilimpiga usoni akapiga chafya, wanawake wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimesahau ua wetu ulivyo mkubwa.

Mtungi ulikuwa pembeni ya mlango, unaimba. Walio karibu walisikia vizuri, wakasogea zaidi, wakaanza kutikisika mabega. Mbona spika haionekani, wakauliza. Nikasema iko ndani. Sikudanganya.

Kisha akafika Bi Adija, somo yangu, aliyenifunda. Shikamoo zikapita, marahaba zikapita. Macho yake yana mtoto wa jicho, na masikio hayasikii sawasawa. Akagusa mtungi, akafunua kanga, akapeleka kata. Kata ikagonga pakavu. Akanong'ona kwa sauti ya kusikiwa na wote: mtungi mkavu siku ya shughuli, mwanangu, mimi sikukufunda hivi. Akachukua ndoo ya maji iliyokuwa karibu, akamimina yote.

Wimbo ukasukutua mara mbili. Ukanyamaza.

Watu wote kimya. Ndicho kimya kile kile, nakijua. Haruna akachungulia mtungini, akatia mkono mpaka kwapani, akatoa kopo jekundu linalochuruzika. Akalitazama. Akautazama mlango. Akaenda kukaa kwenye benchi.

Nikamkumbatia Fauzia, nikataka kurudi ndani siku arobaini nyingine.

Ndipo Mwanahija akasimama. Spika yake haikwenda harusini, ilikuwa nyumbani kwa Joyce tangu alfajiri. Joyce alikuwa amemweleza habari za kopo la chini ya kabichi siku ile ile alipolileta. Wakaileta wanaume wawili, ikaingia mlangoni bila kugusa pande, ikakaa karibu na soketi. Nikangoja wimbo wa jina lake.

Akanipa simu yake. Akasema, "Haya mama Fauzia, chagua. Leo nyimbo ni zako."

Nikashika simu. Sikuwa na wimbo. Wiki mbili nimechagua spika, nyimbo sikuziwaza hata moja. Nikabonyeza wa kwanza kuuona. Ukawa ule wa Mwanahija. Nikaucheza wote. Tukaurudia mara nne. Bi Adija alicheza kuliko sote, akasema anausikia kwa tumbo.

Fauzia alilala mwanzo hadi mwisho.

Jumapili, 17 Novemba

Kopo lilikaa usiku mzima kwenye debe la mchele. Asubuhi likakohoa, likasema neno lake la Kichina. Fauzia kalicheka. Ni mara ya kwanza kucheka. Mama anasema ni gesi.

Haruna kauliza kama aupunguze mlango. Nikamwambia auache. Nimewaza: unyago wa Fauzia hauko mbali, miaka kumi hivi si kitu, na mlango tunao tayari. Nimempigia Shahid, anayo kubwa, ya magurudumu. Akasema, dada, sasa umetoka, panda gari uje uione kwa macho yako.

Nikamwambia hakuna haja. Aisogeze tu karibu na simu.