Serikali Ipange Foleni

Kwa Mheshimiwa Kamishna wa Kodi,
Ofisi Kuu ya Kodi, ghorofa ile ambayo lifti haifiki.

Mheshimiwa,

YAH: KUMKAMUA KAKA YETU BILA KUFUATA FOLENI

Salamu nyingi, nikitumaini wewe na watumishi wako hamjambo na mnakula vizuri. Sisi huku hatujambo, ila tumekasirika, na kwa kuwa watu wengi hawawezi kushika kalamu moja, ukoo umenichagua mimi, Katibu wa Kamati ya Michango, nikuandikie kwa niaba ya wote.

Habari yenyewe ni hii. Umetoa sheria kwamba mtu mwenye kipato kikubwa mno akulipe karibu nusu ya kila anachopata. Sheria nzuri, sina neno nayo. Matajiri wamejaa tele, wakamue tu. Lakini katika kuwakamua umemshika na kaka yetu mkubwa, ambaye mji mzima humwita Saruji kwa sababu ya biashara yake. Huyo, Mheshimiwa, ana wenyewe. Malalamiko yetu ni haya.

1. Sisi tulikutangulia. Wewe umemjua Saruji alipokwisha kuwa na malori. Sisi tulianza kumtoza akiwa bado anasukuma toroli sokoni, na fedha yake ya kwanza kabisa tuliila sisi, tukamwachia nauli. Tangu hapo hakuna harusi, msiba, ada ya shule wala paa linalovuja katika ukoo huu ambalo yeye hakuligharamia. Hatukuhitaji bunge. Kanuni yetu ni moja: mwenye kingi atoe kingi, na mwenye kidogo aje na kiti chake. Leo nawasikia wasomi wako redioni wakiitangaza kanuni hiyohiyo kana kwamba wameiota jana. Hata ahsante hamkutuambia! Na tafadhali usinitupie ile methali ya mtegemea cha nduguye hufa maskini. Aliyeitunga hakuwa na ndugu mwenye duka la saruji.

2. Ukusanyaji wetu ni bora kuliko wako. Wewe una majengo, kompyuta na vijana wenye tai. Sisi tuna Shangazi. Vijana wako huandika kwanza kuomba miadi, na wakifika wanakalishwa sebuleni, wanapewa soda, wanaonyeshwa mafaili ambayo mhasibu wa Saruji ameshayapiga pasi. Shangazi hana habari na sebule. Hupitia mlango wa jikoni, hufungua friji, huchungulia viatu vya shemeji chini ya kitanda, kisha hukaa getini na mlinzi akimuulizia hali ya mama yake. Akitoka hapo anajua kaka amenunua nini, wapi, na kwa nini hakusema. Mwaka juzi Saruji alilia kwamba biashara imelala. Shangazi aliingia tu kwenye gari lake, akanusa, akasema hii ngozi ya viti ni mpya, na harusi ya binamu ikapata muziki. Hebu niambie ukweli, nani ofisini kwako ana pua ya namna hiyo?

3. Umempa kisingizio. Hapa ndipo penye kidonda, kwa hiyo naomba ukae vizuri. Mama yetu mzazi ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hutembea akipapasa kuta. Koti langu lililotundikwa mlangoni hulisalimia kila asubuhi, akidhani ni jirani, na hulaumu kwamba jirani siku hizi ana maringo, haitikii. Mwanzoni tulicheka, naye akicheka nasi, lakini siku aliyojimwagia chai ya moto mkononi akitafuta kikombe hakuna aliyecheka. Mimi nilitoka nje nikasimama ukutani. Daktari wa hospitali ya kulipia alitaja bei, tukaitisha kikao nyumbani kwa Shangazi, ukoo ukajaa ua mzima.

Saruji akaja na bahasha nene. Jamani, tulivyoitazama ile bahasha! Shangazi alikwishapiga kigelegele. Kumbe ndani mlikuwa na karatasi yako wewe, yenye muhuri. Aliisoma yote akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu anayesoma wasia, akamalizia kwamba yeye angependa sana, ila ndiyo hivyo, serikali imemmaliza. Kisha akatoa leso akajifuta macho. Mheshimiwa, miaka yote hii Saruji hakuwahi kutunyima. Si kwamba ana roho nzuri, hasha, ni kwamba hakuwa na sababu. Wewe umempa sababu, tena imepigwa muhuri! Sasa hutembea nayo kwenye gari. Nasikia kitinda mimba wake aliomba biskuti akasomewa ukurasa wa pili.

4. Mzigo unateremka. Aliye juu akijivua, mchango humtafuta anayemfuatia, na tangu kikao kile watu wameanza kuniangalia mimi. Mimi! Fundi wa makochi, mtu wa misumari na sponji, mwenye karakana ya mabati ambayo mvua ikinyesha tunapigilia tukiwa na miavuli. Mama anaishi kwangu na ndiye shahidi. Kila jioni namsikia akiniombea kwa Mungu, akiutaja umaskini wangu kitu kimoja kimoja: sakafu mbovu iliyofunikwa mkeka, kochi lililotoboka, nyumba isiyo hata na friji. Shangazi mwenyewe hajawahi kunikagua. Anasema nyumba ambayo mama mzazi anaililia haihitaji mkaguzi. Sasa mtu kama mimi nibebeshwe bei ya macho mawili? Haki iko wapi?

5. Umechukua faida, chukua na hasara. Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Ukichukua nusu ya mapato ya Saruji, basi na nusu ya ndugu zake ni wako. Tumeshakugawia, na tumegawa kwa haki. Umepata binamu wawili wanaosoma vyuo visivyo na mwisho, mjomba mmoja mwenye kesi ya mpaka wa shamba anayoipenda kuliko shamba lenyewe, na msiba wowote utakaotokea katikati ya wiki. Kwenye vikao utakaa karibu na Shangazi. Ufike mapema na simu yako iwe na chaji, maana kwetu mchango hutumwa palepale, macho ya watu yakiwa kwenye kidole chako. Mama naye tumeshamfungia mizigo. Ni mtu mpole, hapendi chumvi nyingi, na akilisalimia koti lako mlangoni tafadhali uitikie kwa niaba ya koti.

Ikiwa haya yote yanakutisha, na mimi katika nafasi yako yangenitisha, tunakupa njia mbili za heri. Ya kwanza, serikali ipange foleni nyuma ya ukoo, itoze kile kitakachobaki sisi tukishashiba. Nakuhakikishia hakitakuchosha kukibeba. Ya pili, umwajiri Shangazi awe naibu wako, na tutakachokipata tugawane. Hana vyeti, lakini hana likizo pia, na mshahara wake ni chai.

Ukizikataa zote mbili, basi macho ya Mama yatakuwa shingoni mwako. Hilo nalisema bila mzaha hata chembe. Mjukuu wake anaolewa karibuni, naye amechoka kuambiwa watu wamevaa nini. Anataka kuona mwenyewe.

Nisalimie mwenzi wako na watoto, nisalimie na yule dada wa dirishani ambaye kila nikifika mtandao wake umelala. Msalimie pia mlinzi wenu aliyeninyang'anya bisibisi mlangoni. Mwambie naihitaji.

Wako katika kukamua,

Fundi Makochi,
Katibu, Kamati ya Michango ya Ukoo.

N.B. Barua hii imekaa mfukoni mwangu muda kidogo nikitafuta stempu, na hapo katikati mambo yamegeuka. Hospitali ya serikali imefungua wodi ya macho. Ukutani wameandika kwa herufi kubwa kwamba vifaa vyote vimenunuliwa kwa kodi ya wenye vipato vikubwa, na nimesimama pale nikasoma mara mbili, nikimfikiria Saruji na leso yake. Mama amefanyiwa upasuaji bila kulipa hata senti. Alipofunguliwa bandeji alianza kuniona mimi. Akanishika uso kwa mikono miwili, akasema, mwanangu, mbona umezeeka hivi? Nililia mbele ya wauguzi, na sioni haya kukwambia. Kwa hiyo yafute malalamiko yote, la kwanza hadi la tano. Mkamue Saruji, Mheshimiwa. Mkamue na mkono mwingine ukiwa umeshika ndoo.

Kosa langu ni kumrudisha nyumbani kwangu mchana. Mama alisimama mlangoni, akalitazama koti, akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akainua mkeka, akaviona vigae. Akavuta lile gunia lililotoboka nililokuwa nikimtandikia, akaliona kochi la ngozi. Halafu akaufuata taratibu ule mlio ambao siku zote nilimwambia ni mashine ya kusaga ya jirani, akafika kwenye friji, ile ya milango miwili, akaifungua yote miwili. Hakunigombeza. Aliomba simu tu, akampigia Shangazi.

Jioni ileile nilivuliwa ukatibu, nikapewa cheo cha Saruji. Mwosha huoshwa. Ada za binamu ni zangu, kesi ya mjomba ni yangu, muziki wa harusi ni wangu. Na wa kwanza kugonga mlango wangu kuomba mchango alikuwa Saruji mwenyewe, mkononi ameshika karatasi yako kama ushahidi wa dhiki yake!

Kwa unyenyekevu mkubwa naomba unipandishe kwenye daraja la juu kabisa la kodi, kabla ya kikao cha Jumapili ikiwezekana. Chukua nusu. Ukitaka zaidi, sitabisha. Ila na mimi unipe ile karatasi, na muhuri ugongwe vizuri, maana Mama siku hizi anasoma hadi maandishi madogo.