Mgonjwa wa Nzomo

Jumatatu, 3 Juni 1957. Ruiru.
Baridi kali. Ukungu mpaka saa nne. Nimeendesha baiskeli kutoka Ruiru hadi Thika na pua imekufa ganzi. Nafika shuleni, nakuta wanafunzi wote kumi wamemzunguka Nzomo, wanacheka. Saa mbili asubuhi! Somo lilikuwa mfupa wa paja. Nimefundisha mfupa wa paja miaka tisa na hakuna aliyewahi kucheka.

Huyu Nzomo alikuja Aprili kutoka Machakos. Koti lake jeupe limepigwa pasi hadi mikononi. Sista Hartley, mkubwa wetu, humpa chai ya maziwa. Mimi napewa ya rangi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji ni mimi. Siponi.

Leo Sista ametangaza kwamba shule yetu ya kunyoosha viungo itapata Mwalimu Mkuu Mwafrika. Wa kwanza! Daktari mkaguzi anakuja Alhamisi kutoka Nairobi, na kila mwalimu atafundisha somo moja mbele yake. Atakayechaguliwa anapewa nyumba ya mawe ndani ya ua wa hospitali. Nimemweleza mke wangu. Njambi aliangalia chumba chetu kimoja, watoto watatu na moshi, akauliza kama jiko la nyumba hiyo lina dirisha. Lina dirisha. Nimemwahidi.

Jumanne, 4 Juni.
Tuko walimu watatu. Mimi. Nzomo. Halafu Wamboi, niliyemfundisha mwenyewe hapa hapa, naye sasa anafundisha kufunga bendeji. Wamboi simhesabu.

Nzomo amechagua somo la mgongo. Mgonjwa wake, mfanyakazi wa shamba la mkonge, amepona akaenda zake. Kwetu mgonjwa akikosekana, mmoja wetu hulala kitandani badala yake. Nzomo akauliza nani atamwazima mwili.

Wazo! Nitakuwa mgonjwa wake. Mgonjwa asiyepona! Atavuta, atakunja, mimi nitapiga mayowe mbele ya mkaguzi. Saa sita nikaanza kuchechemea. Nikasema mgongo umenikamata, mguu wa kulia hauinuki. Nzomo akasikitika sana. Akanibebea vitabu vyangu mpaka darasani. Mnafiki!

Jumatano, 5 Juni.
Shida ya baiskeli. Mtu wa mgongo mbovu haendeshi baiskeli maili kumi na mbili. Nimeshuka kabla ya daraja la karibu na shule, nikaikokota huku nachechemea. Wamboi akanipita. Akauliza kwa heshima mbona jana ulikuwa mguu wa kulia na leo ni wa kushoto. Nikamwambia maumivu husafiri. Si nilimfundisha mwenyewe? Nimerudia mguu wa kulia.

Nzomo ameniletea dawa ya kuchua na fimbo aliyonichongea jana jioni. Nimeishika. Imefika sawasawa kwenye kifundo cha mkono, bila kupungua wala kuzidi. Amenipima kwa macho tu! Mimi hupima kwa futi na bado nakosea. Nimekosa hamu ya kula.

Alhamisi, 6 Juni.
Siku yenyewe. Wamboi ametangulia na bendeji zake. Nikafuata mimi, somo la kutembea kwa magongo. Lakini mgonjwa kama mimi angeonyeshaje hatua? Nimefundisha nimekaa kitini, Wamboi akatembea badala yangu. Alipanda ngazi kwa magongo, akashuka, akageuka vizuri. Mkaguzi aliandika. Nikajua ananiandika mimi.

Kisha Nzomo. Nikalala. Akamwita Apiyo, mwanafunzi wetu wa Kisumu mwenye sauti ya kengele. Apiyo akaweka kiganja chini ya kisigino changu cha kushoto, akaniomba niinue mguu wa kulia. Nikakunja uso. Nikaguna. Jasho likanitoka, na si la uongo, kwa maana nilikuwa nimekumbuka.

Ngai! Nani alimfundisha kipimo hicho? Mimi! Mwezi wa tatu, ubaoni, kwa picha na mshale. Mtu anayejitahidi kweli kuinua mguu mmoja, kisigino cha pili hukandamiza chini chenyewe. Anayejifanya, kisigino kinatulia. Nilikuwa nimewaambia kwamba kwa kipimo hiki hakuna mwongo atakayewapita.

Apiyo aliangalia mkono wake. Akaniangalia mimi. Akasema, mpaka jikoni wakasikia, “Haki Mwalimu, hiki kisigino kimelala!”

Mkaguzi akavaa miwani. Nikafunga macho. Basi nikamsikia Nzomo akieleza, taratibu, kwamba maumivu yakizidi mno hata kisigino hushindwa, kwamba ameyaona hayo Machakos, na kwamba mwenzake ni mgonjwa kuliko anavyokubali kusema. Akanifunika blanketi. Nilifurahi hata nikaguna tena, kwa nguvu zaidi. Mkaguzi aliandika ukurasa mzima.

Ijumaa, 7 Juni.
Sista ameniita. Nzomo hakuwa anautaka ukubwa. Tangu Jumatatu alikuwa amemwambia Sista kwamba Agosti anarudi kwao, baba yake amezeeka na shamba halina mtu. Alimwambia mkaguzi pia kwamba mwalimu wa shule hii ni mmoja, yaani mimi, Zacharia, na anayebisha amuulize Apiyo alijifunzia wapi kile kipimo. Mkaguzi alikubali. Cheo kilikuwa changu!

Ila Mwalimu Mkuu hunyanyua wagonjwa. Mtu mwenye mgongo kama wangu hawezi. Nimeandikiwa wiki sita za kulala juu ya ubao, bila kunyanyua kitu, bila baiskeli. Mwalimu Mkuu ni Wamboi.

Nilitaka kumwambia Sista kwamba mimi ni mzima. Nikaona itabidi nieleze na mengine. Nikashukuru.

Njambi aliuliza kuhusu dirisha. Nikamweleza yote, hata kisigino. Hakunigombeza. Alitoka nje, akarudi na ubao, akautandika chini ya blanketi langu. Kisha akakaa mlangoni, akanipa mgongo, akachambua maharagwe muda mrefu kuliko yanavyohitaji. Niliona aibu. Ubao una fundo katikati.

Jumatatu, 10 Juni.
Wamboi amekuja kunijulia hali. Koti jipya. Ndizi. Kasema nyumba ni nzuri ila ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Kubwa mno! Njambi alikuwa anasikia. Wanafunzi wanampenda, kasema, na Sista amemwanzishia chai ya maziwa. Alipokuwa mwanafunzi wangu hakuwa na maringo haya.

Mkaguzi atarudi Julai kumwangalia akifundisha somo la shingo. Mgonjwa hajampata.

Alipotoka nimejaribu shingo yangu. Inageuka kulia. Inageuka kushoto. Nzima kabisa! Lakini Julai bado ni mbali, na mtu akifanya mazoezi kila siku hakuna linalomshinda. Nimemwambia Njambi amkimbilie Wamboi njiani, amwambie asitafute mgonjwa mwingine.

Njambi amekataa kwenda. Nitamwandikia barua.